Mwavita na Zimwi Mpishi

Paukwa!

Pakawa!

Chungu kipo?

Kipo jikoni!

Kimefunikwa?

Kimefunikwa!

Nani atakifunua?

Funua wewe!

Haya, nakifunua. Sogeeni huku, moshi usiwaumize macho. Na wewe unayemfinya mwenzako, acha. Ngano hii inawahusu nyote wawili, mfinyaji na mfinywaji.

Hapo kale palikuwa na kijiji kikiitwa Mzambarauni. Katika kijiji hicho aliishi msichana jina lake Mwavita. Baba yake alilima mpunga, na mama yake, Bi Sijaona, alikuwa mfinyanzi wa vyungu.

Mwavita alipofika miaka kumi na miwili, masika yalipoingia, mwili wake ulianza kugeuka. Miguu ikarefuka. Kifua kikachomoza. Nyonga zikatanuka, na usoni vikamtoka vipele. Na tumbo? Tumbo lake likashikwa na njaa ambayo hakuwahi kuijua. Akila asubuhi, jua halijapanda ana njaa. Akila mchana, alasiri ana njaa. Akila jioni, analala anaota chakula.

Hakuna aliyemwambia kwamba ndivyo mtoto anavyokua, kwamba mwili unaojengwa huomba udongo mwingi. Mama yake aliona haya kuyasema. Baba yake aliona si maneno yake. Na shangazi yake, Bi Mwanakombo, ambaye ndiye angekuwa somo wake wa kumfunda, aliishi ng'ambo ya mto, mwendo wa siku mbili.

Basi Mwavita akanenepa. Akanenepa kuliko wasichana wote wa rika lake.

Sasa kijijini hapo palikuwa na msichana mwingine, Mkejina. Huyo ulimi wake ulikuwa wembe. Siku moja wasichana walikuwa wakivuka kijito, wanapita juu ya gogo, mmoja mmoja. Zamu ya Mwavita ilipofika, gogo likalia, kwaa! Mkejina akaweka ndoo yake chini, akaimba:

"Gogo, gogo, walilia nini?
Nalilia mgongo, kapita Mwavita!"

Wasichana wakacheka hadi maji yakamwagika. Tangu siku ile, wimbo ukamfuata Mwavita. Kisimani, wimbo upo. Shambani, wimbo upo. Uwanjani wakicheza rede, wimbo upo, na yeye ndiye wa kwanza kulengwa mpira.

Akaacha kucheza. Akaacha kuandamana na wenzake. Mwisho akaacha kula mbele za watu. Sinia likiwekwa, anameza matonge matatu, ananawa.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, Mwavita? Chakula hujakigusa!"

"Nimeshiba."

Lakini watu wakishaondoka, anaingia jikoni peke yake. Anachuchumaa nyuma ya mlango, anakomba ukoko wa wali, anakomba mchuzi uliolala, anameza bila kutafuna, masikio yakiwa mlangoni. Siku moja mama yake akamfuma.

"Mungu wangu! Unakula kama mchwa! Hebu jitazame ulivyo!"

Bi Sijaona akachukua chungu akakitundika darini. Alidhani anatibu. Kumbe anachimba shimo.

Basi siku moja, alasiri, Mwavita alikwenda bondeni kutafuta kuni. Tumbo linanguruma, machozi yanamtoka. Mara akasikia harufu. Harufu ya maandazi yanayokaangwa, na iliki ndani yake.

Akaifuata. Mahali ambapo jana palikuwa kichaka kitupu, leo pana kibanda kipya. Mlangoni ameketi bibi mmoja amejitanda kanga kichwani mpaka mabegani. Mbele yake pana maandazi, pana kaimati zinazochuruzika sukari, pana halua juu ya jani la mgomba, pana uji wa tui na asali.

"Shikamoo, bibi."

Yule bibi hakusema marahaba. Sikilizeni hapo, watoto. Hakusema marahaba. Alisema:

"Nililisikia tumbo lako kabla sijakuona. Kaa, mwanangu. Hapa hakuna wa kukucheka, wala hakuna wa kutundika chungu darini."

Mwavita akashangaa, mtu huyu amejuaje? Lakini njaa haina maswali mengi. Akaketi.

"Masharti yangu ni matatu tu," bibi akasema. "Njoo peke yako. Kula peke yako. Nyamaza peke yako."

Mwavita akala. Kilikuwa kitamu, kitamu cha kufumba macho. Akala maandazi kumi, akanywa uji, akala kaimati zote sahanini. Lakini kila alipomeza, njaa iliongezeka.

"Bibi, mbona sishibi?"

"Kula, mwanangu. Bado."

Alipoinuka kwenda zake, yule bibi akamshika mkono juu ya kiwiko, akambonyeza kwa vidole viwili vya baridi. Akatabasamu.

"Bado kidogo," akasema.

Kesho yake Mwavita akarudi. Kesho kutwa akarudi. Mtondo akarudi. Kila alasiri, jua likipinda, miguu yake inaijua njia. Na kila akiondoka, vidole viwili vinambonyeza. "Bado kidogo."

Nyumbani, ugali ukawa majivu kinywani mwake. Samaki akawa kama gome la mti. Maji yenyewe akayaona machungu. Magoti yakaanza kumuuma. Shingoni pakaingia weusi usiotoka kwa kuoga. Akipanda kilima anahema kama mvukuto wa mhunzi, na mchana kutwa anasinzia.

Ndipo Mwavita akavunja ungo. Mama yake akaogopa, maana mtoto amekuwa mwali na ana hali ile. Akatuma watu ng'ambo ya mto, na Shangazi Mwanakombo akaja, fimbo mkononi, vumbi miguuni.

Shangazi hakufoka. Alimwingiza Mwavita chumbani, akamketisha kwenye mkeka, akamnyoosha miguu.

"Mwavita."

"Abee, Shangazi."

"Mwili wako haujafanya kosa, mwanangu. Unakua. Damu uliyoiona si ugonjwa, na kifua si aibu. Njaa ya kukua ni njaa ya haki, hulishwa ikatulia. Lakini yako haitulii. Hii ni njaa nyingine. Niambie, nani anakula nawe?"

Mwavita akafungua kinywa aseme. Kinywa kikajaa utamu. Utamu mzito, kama asali, ukamfunika ulimi. Akameza, na maneno yakaenda pamoja nao. Akajaribu tena, kinywa kikajaa. Akajaribu mara ya tatu, na tone la sukari likamtoka pembeni mwa mdomo. Sisimizi akashuka ukutani, akatambaa mpaka begani kwake.

Shangazi akamtazama yule sisimizi. Akainuka ghafla.

"Sijaona!" akaita, huku akikimbilia uani kwenye tanuri la vyungu. "Sijaona, njoo! Si mtoto anayekula. Mtoto analiwa!"

Jua lilikuwa limeanza kupinda. Harufu ya iliki ikaingia dirishani. Mwavita akashika mkeka kwa mikono miwili, akasema moyoni, leo siendi, leo siendi, leo siendi. Miguu ikainuka. Shangazi na Bi Sijaona waliporudi chumbani, wakakuta mkeka mtupu.

Basi Mwavita akafika bondeni. Leo hapakuwa na maandazi. Hapakuwa na kaimati. Palikuwa na chungu kikubwa kupita vyote alivyowahi kufinyanga mama yake, kimejaa maji, na maji yanatokota. Juu ya jani la mgomba palibaki kipande kimoja tu cha halua.

Bibi akamshika mkono. Akambonyeza.

"Umeiva," akasema.

Mwavita akataka kupiga kelele, kinywa kikajaa utamu. Mara akasikia kilio. Nyuma ya kibanda palikuwa na kihenge, kile cha kuwekea nafaka, kimejengwa kwa fito na udongo, nusu yake imechimbiwa ardhini, mdomo wake umefika kiunoni mwa mtu na umefunikwa kwa kifuniko cha mbao. Kilio kilitoka humo.

"Mwavita! Ni mimi, Mkejina! Nitoe!"

Je, Mkejina alifikaje pale? Nitawaambia. Mkejina naye alikuwa akikua. Naye kifua kilichomoza, naye nyonga zilitanuka, na akaingiwa na hofu kubwa. Akasema, nikila nitakuwa kama Mwavita, wataniimbia mimi. Basi akaacha kula. Akafunga tumbo kwa kitambaa, akawa anakunywa maji tu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku hiyo, akiwa anaona kizunguzungu, harufu ya iliki ikamfikia. Akaifuata kabla ya Mwavita, akadakwa.

"Huyo ni mifupa mitupu," bibi akasema. "Yeye nitaanza kumlisha kesho. Wewe, mwanangu, kula kipande chako cha mwisho, ulale usingizi mzuri. Kula peke yako. Nyamaza peke yako."

Mwavita akaichukua halua. Mkono ulikuwa unaipeleka kinywani wenyewe. Maji ya chungu yanasema, bwata, bwata, bwata. Ndipo swali la shangazi likamjia kichwani. Nani anakula nawe? Akatazama, akagundua jambo. Siku zote zile, hajapata kumwona bibi huyu akila hata tonge moja.

Akaumeza ule utamu kinywani, ulimi ukapata nafasi ndogo kama tundu la sindano. Akasema kwa sauti ya kunong'ona:

"Bibi, karibu tule."

Bibi akaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Usiseme hivyo!"

"Bibi, karibu tule."

Kanga ya bibi ikacheza kisogoni, kana kwamba kuna upepo, na upepo haukuwepo.

"Nyamaza, we mtoto!"

"Bibi, karibu tule!"

Kanga ikaanguka. Lahaula! Kisogoni pake palikuwa na kinywa cha pili, kimepasuka kutoka sikio hata sikio, meno kama ya msumeno. Lilikuwa zimwi! Na kile kinywa cha kisogoni hakijapata kukaribishwa na mtu tangu kuumbwa kwake. Kikapanuka, kikapiga ukelele:

"Nipe! Nipe mimi!"

"Nyamaza!" kikasema kinywa cha mbele.

"Nipe!"

Zimwi likazunguka, likazunguka, kinywa hiki kinakwenda huku, kile kinakwenda kule. Mwavita akakimbilia kihenge, akasukuma kifuniko, akaingiza mkono mmoja, akamnyanyua Mkejina kama anavyonyanyua mtungi. Kisha akaitupa halua ndani ya kihenge.

Kinywa cha kisogoni kikaifuata. Zimwi likapinda mgongo, kichwa kikatangulia ndani, miguu ikabaki nje inapapasa. Mwavita akajitia kwa bega lake lote, akasukuma. Pu! Likatumbukia. Akavuta kifuniko, akapanda, akakaa juu yake.

Zimwi likasukuma kutoka chini. Kifuniko kikaruka kidogo, kikarudi. Mkejina naye akapanda kusaidia, akarushwa kama kapi la mpunga mpaka kwenye majani.

"Kamba iko wapi?" Mwavita akasema, na ulimi wake ukawa mwepesi.

"Hakuna kamba."

"Basi kimbia. Kaite watu."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa. Kimbia, Mkejina!"

Mkejina akakimbia, anayumba kwa njaa, anaanguka, anainuka. Mwavita akabaki peke yake juu ya kihenge na zimwi chini yake.

Hapo ndipo pagumu, watoto wangu. Maana zimwi liliacha kusukuma. Lilianza kusema, kwa ile sauti nzuri ya siku ya kwanza.

"Mwavita, mwanangu. Mkejina harudi. Yule aliyekuimbia ndiye atakayekuokoa?"

Mwavita akazidi kukikalia kifuniko. Lakini hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe.

"Mwavita, mwanangu. Nyumbani chungu kiko darini. Nani atakulisha kama mimi?"

Harufu ikapanda kupitia kwenye fito. Iliki, tui, sukari inayoanza kuungua. Mate yakamjaa. Vidole vyake vikashika ukingo wa kifuniko, na ni kweli, wala siwafichi, vilikinyanyua kidogo, upana wa ukucha.

"Mwavita, mwanangu. Inuka kidogo tu."

Mwavita akafumba macho. Akafungua kinywa, na safari hii hakumeza. Akapiga kelele bonde zima lisikie:

"Nimekula kwa zimwi! Shangazi, nilikuwa nakula kwa zimwi! Mama, nimekula peke yangu na nimeogopa! Mama wee!"

Kila alipoitaja siri yake, kifuniko kilizidi kuwa kizito. Chini yake zimwi likalia kama paka. Akaendelea kupiga kelele mpaka sauti ikakauka, mpaka kivuli cha kibanda kikafika miguuni pake. Mkejina hakuonekana. Njia ikawa kimya. Akasema moyoni, hawaji. Hata hivyo hakuinuka.

Kisha akasikia vishindo. Mbele kabisa Mkejina, uso umechanika kwa miiba. Nyuma yake Shangazi Mwanakombo, fimbo juu. Nyuma yake Bi Sijaona, udongo mikononi mpaka kwenye viwiko, kanga imefungwa kiunoni, na nyuma yao wanaume wenye kamba na kuni.

Wakafunga kihenge, wakamteremsha Mwavita, wakarundika kuni, wakatia moto. Moshi wake ulinuka sukari iliyoungua kwa siku tatu, na mbuzi wa Mzambarauni hawakula majani ya bonde lile mwaka mzima.

Bi Sijaona hakungoja moto uzime. Akamkumbatia mwanawe na udongo wake ule ule.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Ulikuwa na njaa, nami nikakupa maneno."

Sasa msidhani Mwavita aliamka kesho yake mwembamba kama unyasi. Sivyo. Alibaki na mwili wake, na ile hamu ilibaki naye vilevile. Zipo alasiri alizokaa akilia kwa ajili ya kaimati, akatetemeka, akawatukana watu. Shangazi hakurudi kwake upesi. Alikaa miezi mitatu, na kila jua lilipopinda alimshika mkono, wakaenda shambani kwa miguu, wakapalilia mpunga, wakarudi polepole wakizungumza mambo ya wanawake.

Na mlo wa nyumba ile ukabadilika kwa wote, si kwa Mwavita peke yake. Chungu kikashushwa darini. Sinia likawa moja, baba naye akawa anarudi mapema, wote wanakula pamoja ukumbini, mlango wazi. Mchicha, maharage, samaki wa mtoni, ndizi, mihogo ya kuchemsha. Vitamu vikawa vya Idi na arusi, na siku ya arusi hakuna aliyemhesabia mtu maandazi. Taratibu magoti yakaacha kuuma. Weusi wa shingoni ukafifia. Mwavita akawa msichana mkubwa, mpana, mwenye nguvu, na kwenye rede wakaanza kugombania awe upande wao.

Siku moja mchana, familia imezunguka sinia, sauti ikabisha hodi. Alikuwa Mkejina. Mashavu bado yamebonyea, kanga inamzunguka mara mbili. Tangu siku ya kihenge hakuwa amekanyaga pale. Akasimama mlangoni, hakuingia.

Mwavita alimtazama kwa muda mrefu. Bi Sijaona alibaki ameshika tonge hewani.

"Bado sijakusamehe," Mwavita akasema.

"Najua," Mkejina akajibu.

Mwavita akasogea kwenye mkeka, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

"Nawa mikono," akasema. "Chakula kinapoa."

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeshiba asinzie, mwenye njaa aseme.

Na funzo lake ni hili: mwili unaokua usiuonee haya wala usiuogope, na wa mwenzako usiuimbie. Mwenye njaa hamfichi mama yake, na mama hamfichi mwanawe chungu. Anayekulisha kwa siri akikuambia unyamaze, huyo ana kinywa kingine usichokiona.

Haya, inukeni mkanawe.